Msiba wa Mtani Haumo Mkatabani

Ukurasa wa kumi na nne haukuwa umechanwa, msomaji. Ulikuwa umegandana na ukurasa wa kumi na tatu.

Najua baadhi yenu mlishaapa wiki nzima kwamba Bwana Anderson ndiye aliyeuiba. Mwombeni radhi. Mama Vitalis, katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, alipapasa kwa kidole, akanusa, akakumbuka. Asubuhi ile alikuwa ameuweka mkataba kwenye kikapu kimoja na mabibo yake ya kifungua kinywa, yale matunda ya mkorosho. Maji ya mabibo yalifanya kazi ambayo gundi ya dukani haiwezi.

Akaanza kuubandua taratibu, kama mtu anayebandua plasta kwenye goti la mtoto. Ofisi nzima ya uwanja wa ndege wa Masasi ikamsogelea.

Kwa wewe unayeanza nasi leo, sikiliza haraka.

Shamte ni mfanyakazi wa kampuni ya ndege ya Mbayuwayu. Kazi yake ni kupokea ndege. Anasimama mbele yake, anapunga mikono, ndege inamfuata. Ikisimama anaweka kabari kwenye magurudumu isitembee. Ameifanya kazi hiyo miaka kumi na moja, na hajui nyingine duniani inayomwezesha mtu kuiamrisha ndege kwa mikono mitupu.

Siku arobaini zilizopita alipata habari kwamba Mzee Mujibu wa Mkunya, kijiji cha huko Newala, amefariki. Ukoo wa Shamte na ukoo wa Mzee Mujibu ni watani tangu enzi za mababu. Na huku kwetu msiba hauendi bila watani. Wao wanachimba kaburi, wao wanamwigiza marehemu, wao wanawachekesha wafiwa wasije wakazidiwa na majonzi.

Basi Shamte alimwachia kabari mlinzi Anwari, akapanda pikipiki, akaenda zake Newala.

Anwari aliziweka kabari kando ya choo cha mabati, akaingia chooni. Ndege ikatua. Rubani akashuka. Ndege ikaanza kujiendea yenyewe, polepole, kwa adabu, ikakisukuma choo mpaka kikalala, Anwari akiwa ndani. Hakuumia. Alitoka kwa juu, kupitia mahali palipokuwa dirisha, akiwa ameinua mikono, akasema yeye hana kitu chochote wanachoweza kuchukua.

Kampuni inataka kumfukuza Shamte kwa kuacha kituo cha kazi. Kitu kimoja tu kinaweza kumwokoa. Mkataba wa hali bora ambao chama kilisaini na kampuni unasema mfanyakazi aliyefiwa anaweza kuondoka papo hapo, taarifa atatoa baadaye. Swali ni moja: amefiwa na nani?

Jibu liko ukurasa wa kumi na nne. Na sasa ulikuwa umebanduka.

Mama Vitalis alisoma kwa sauti. Mke, mume, mtoto. Mzazi. Ndugu wa tumbo moja. Babu, bibi, mjukuu. Nukta.

Akageuza nyuma ya karatasi kana kwamba watani huenda wamejificha huko. Hawakuwepo.

Bwana Anderson, kijana aliyetumwa na makao makuu kuendesha kikao cha nidhamu, alikuwa mtu mpole. Alivaa tai, na aliandika kila neno aliloambiwa, hata ukimwambia karibu maji. Akasema yeye hana chuki na mtu. Orodha haina mtani. Yeye haandiki orodha, yeye huzifuata.

Akashika kalamu ili aandike uamuzi.

"Alikuwa babu yake," akasema Mama Vitalis.

Shamte akamgeukia. Mama Vitalis akamkanyaga mguu chini ya meza.

Akaeleza kwamba Mzee Mujibu alikuwa na umri wa kuwa babu wa mtu yeyote. Bwana Anderson akaandika. Akauliza ni babu mzaa baba au mzaa mama. Mama Vitalis akajibu kwamba kwa huku Kusini mambo ya ukoo ni mapana, na anayetaka kuyajua ayaendee yanakoishi. Mjane yupo Mkunya, tena leo ndiyo arobaini ya marehemu. Akaulizwe yeye.

Alidhani kijana atashindwa na safari. Bwana Anderson akatazama saa yake. Akapiga simu makao makuu kuagiza kwamba ndege ya saa tisa isimfuate Masasi, imchukue uwanja wa Newala, kwa kuwa ndiko atakakokuwa. Kisha akafunga faili, akatangulia kwenye gari.

Mama Vitalis hakuwa amepanga hilo hata kidogo.

Njia nzima ya kupanda uwanda wa Makonde alikuwa akimnong'oneza Shamte kiti cha nyuma. Neno moja tu linatakiwa. Mjane ataulizwa, na yeye ataulizwa. Bibi atasema mjukuu, mjukuu atasema bibi, kazi imebaki. Shamte aliangalia mikorosho ikipita dirishani. Akasema mtani hawezi kuwa mjukuu. Mama Vitalis akasema mtani asiye na kazi anaweza kuwa mwenda wazimu, achague.

Walifika Mkunya saa sita, na balaa likaanza hapo hapo.

Watani walikuwa wamejipanga kwenye ukingo wa uwanja wa nyumba. Walipomwona Shamte mwenzao wakamvamia, wakampaka unga wa muhogo usoni, wakamtuhumu kwa kuchelewa, wakambeba juujuu kumpeleka nyuma ya nyumba. Mama Vitalis naye hakupiga hatua tatu. Mwanamke mwenye mikono mizima hakai bure penye arobaini. Akakabidhiwa mwiko mrefu kama jembe na sufuria la pilau.

Bwana Anderson akabaki peke yake na faili lake.

Akaangaza macho kumtafuta mtu mwenye umri wa kujibu maswali. Barazani, kwenye kiti cha uvivu, aliketi mzee mwenye koti jeusi, miwani yenye kioo kimoja na ndevu nyeupe za usufi. Alikuwa akikohoa kwa madaha.

Wewe na mimi tunajua huyo ni nani. Ni Husseni fundi cherehani, kiongozi wa watani, amevaa nguo za marehemu na kukohoa kikohozi cha marehemu, kama desturi inavyomtaka. Kila mtu pale alikuwa akimwita kwa jina la marehemu. Ndivyo inavyofanywa.

Lakini Bwana Anderson hakulelewa huku. Yeye utani aliujua wa mpira tu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kaa mbali kidogo, nina kikohozi."

"Samahani, naomba jina lako."

"Mujibu."

Bwana Anderson akaandika. Akauliza kama ni Mujibu wa nyumba hii. Mzee akasema ameijenga kwa mikono yake, na hiyo pembe inayovuja ni kosa la mkewe. Bwana Anderson akaandika hilo nalo.

"Unamfahamu Shamte, anayefanya kazi uwanja wa ndege?"

"Namfahamu sana. Ndiye aliyenizika. Tena vibaya, kanilaza upande, mgongo unauma mpaka leo."

Bwana Anderson aliandika yote. Kisha akasoma alichoandika. Kisha akasoma tena.

Wakati huo Bi Zena, mjane mwenyewe, akapita na sinia la tende. Bwana Anderson akamsimamisha kwa heshima zote, akamuuliza kama mzee huyu ndiye mumewe.

Bi Zena alimtazama Husseni juu mpaka chini. Siku arobaini alikuwa amelia, na leo ndiyo siku aliyopewa ya kucheka.

"Ndiye," akasema. "Na tangu asubuhi hajanichanjia kuni."

Mama Vitalis alipochomoka jikoni, mwiko bado mkononi, alikuta mambo yameharibika. Bwana Anderson alikuwa amesimama katikati ya uwanja, mwekundu wa macho, akiwa na shitaka jipya. Shamte hakuacha kituo cha kazi kwa ajili ya msiba. Hapakuwa na msiba. Marehemu mwenyewe amehojiwa, ametaja jina lake, na mkewe amethibitisha. Kijiji kizima kimekula njama na sasa kinakula pilau.

Kosa la kudanganya kifo, akasema, liko ukurasa wa thelathini. Halina onyo wala karipio. Ni kufukuzwa tu.

Mama Vitalis alimwomba Husseni aseme ukweli. Husseni akakohoa, akasema yeye ni maiti, hapaswi kusumbuliwa. Usimlaumu, msomaji. Mtani akivua nguo za marehemu kabla ya dua ya mwisho, amewavunjia heshima wafiwa wote. Hata Bi Zena asingeweza kumkana pale barazani mbele za watu.

"Basi twendeni kaburini," akasema Mama Vitalis. "Huko hakuna anayeigiza."

Wakaenda watu wanne: Bwana Anderson na faili, Mama Vitalis na mwiko aliosahau kuuacha, Bi Zena, na Shamte mwenye uso mweupe wa unga.

Kaburi lilikuwa nyuma ya mikorosho, udongo wake bado haujashikana vizuri. Kibao cha mti kiliandikwa jina, tarehe, na neno moja la kumwombea. Bwana Anderson alisoma tarehe, akafungua faili, akalinganisha na siku ambayo choo kilianguka. Zililingana. Kisha akampa Bi Zena pole, pole ya kweli, na akaomba msamaha kwa kumuuliza mumewe maswali.

Bi Zena akasema hakuna ubaya. Mujibu angefurahi kuhojiwa na watu wa ndege, maana maishani hakuna aliyewahi kumwandika popote zaidi ya daftari la chama cha korosho.

Sasa likabaki lile neno moja.

Bwana Anderson alifuta lile shitaka jipya kwa mstari mmoja. Akauliza taratibu, kama mtu anayetamani jibu zuri. Huyu Shamte ni nani kwako, mama?

Kumbuka kwamba Bi Zena alikuwa amenong'onezwa na Mama Vitalis njiani kuja kaburini. Kumbuka pia kwamba tangu aolewe hajawahi kumwita Shamte kwa jina lolote isipokuwa mwizi wa kuku. Alimtazama. Akaona unga usoni na macho ndani yake. Akajua kazi ya mtu iko mdomoni mwake.

"Ni mjukuu wangu," akasema.

Mama Vitalis alifumba macho kwa shukrani. Bwana Anderson aliandika, na mimi nawahakikishia kwamba alitabasamu. Kisha akamgeukia Shamte. Athibitishe tu. Aseme ndiyo, waende kula pilau.

Shamte akatazama kaburi. Yeye ndiye aliyelichimba. Siku ile alilala ndani yake mwenyewe kulipima, akakataa kutoka, akasema amepapenda, marehemu atafute kwingine. Bi Zena, ambaye alikuwa hajala siku mbili, alicheka mpaka akaomba uji.

"Mimi si mjukuu wake," akasema. "Ni mtani."

"Shamte," akasema Mama Vitalis.

"Mjukuu angekaa pembeni akalia, Bwana Anderson. Mimi nilipewa kazi ya kumchekesha huyu mama siku aliyomzika mumewe. Nikikubali leo kwamba ni mjukuu, basi siku ile hiyo kazi haikuwa na mtu. Na ilikuwa na mtu. Nilikuwepo."

Bi Zena alishika upindo wa kanga akajifuta macho, kisha akamwita Shamte mwizi wa kuku, kwa sauti ndogo sana.

Bwana Anderson alikata neno mjukuu. Alisema jambo hili linamuuma, na mimi namwamini. Lakini orodha ni orodha. Akiongeza mtu mmoja leo kwa huruma, kesho kampuni itapunguza mmoja kwa ukatili, na chama hakitakuwa na pa kusimama. Akaandika uamuzi hapo hapo juu ya goti. Shamte si mfanyakazi wa kampuni kuanzia saa nane na dakika ishirini. Akasaini.

Mama Vitalis akaketi chini kwenye majani.

Akakiri jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu. Ile orodha aliiandika yeye. Kwenye mazungumzo ya mkataba, miaka miwili ya kwenda na kurudi, alipigania buti, mwavuli, vifaa vya kuziba masikio na chai ya saa nne. Walipofika kwenye likizo ya msiba watu wa kampuni walimpa karatasi, wakamwambia ataje jamaa anaowataka, watawakubali wote. Wote! Akaandika wanane, kwa haraka, kwa kuwa akili yake ilikuwa kwenye chai. Angeandika mtani wasingeuliza hata ni nani.

Shamte akachuchumaa mbele yake. Akamwambia chai ile ni nzuri, hasa siku za mvua. Alitaka kusema zaidi.

Hakuwahi. Juu ya mikorosho ikapita ngurumo, na wote wanne wakainua vichwa.

Ndege ilikuwa imewahi.

Dakika chache baadaye gari lilikuwa linakimbia kuelekea uwanja wa Newala, wote watatu wa Masasi ndani, maana gari ni hilo hilo. Walipofika Bwana Anderson alishuka, akaona, akashika kichwa.

Uwanja ulikuwa mweupe mwanzo hadi mwisho. Kina mama wa Newala walikuwa wameanika makopa.

Nani awalaumu? Muhogo mkavu unataka mahali safi, tambarare, pasipo kivuli, na hapakuwa na ndege iliyotarajiwa wiki ile. Siku zote ndege ikitaka kuja Newala, mtu mmoja huwapigia simu mapema ili waanue. Mtu huyo ni Shamte. Na Shamte tangu asubuhi alikuwa kwenye kikao cha kumfukuza.

Ndege ikazunguka mara ya kwanza. Mama Vitalis akakimbilia kwa kina mama, na kanga zikaanza kuzoa makopa upande wa mashariki, watoto wakibeba ungo, mbuzi wakisaidia kwa namna yao. Lakini upande wa magharibi haukuwa umeguswa, na watu walikuwa wameinama katikati.

Uwanja ule hauna mnara wala redio. Rubani hutazama mtu aliyesimama chini. Mtu huyo akiinua mikono, tua. Akiipishanisha kifuani, ngoja.

"Shamte, nenda," akasema Bwana Anderson.

Mama Vitalis alirudi mbio akihema, mkataba mkononi. Hakufanya kwa kisasi, nawaapia. Alifanya kwa kuwa ndiyo kazi yake. Akasoma ukurasa wa tisa: mtu asiye mfanyakazi wa kampuni haruhusiwi kuongoza ndege. Akimgonga kuku, akiumia mwenyewe, hana fidia wala mtetezi.

Bwana Anderson akasema basi anaufuta uamuzi, sasa hivi, hapa hapa.

Mama Vitalis akafungua ukurasa wa ishirini na mbili. Uamuzi uliosainiwa haufutwi ila kwa rufaa ya maandishi, na rufaa husikilizwa siku ya saba. Kipengele hicho chama ndicho kilichokidai, ili bosi asimsamehe mtu leo akamwadhibu tena kesho. Kiliandikwa vizuri. Hakikuwa na mlango.

Ndege ikazunguka mara ya pili, chini zaidi.

Shamte alikuwa ameshaanza kuvua viatu, maana udongo wa pale unateleza kwa unga. Kizibao chake cha riflekta kilikuwa Masasi. Akaomba kanga ya njano kwa mama mmoja, akajifunga kifuani.

"Mama Vitalis," akasema, "funga huo mkataba, upepo utauchana."

Akakimbia mpaka ncha ya mashariki. Akageuka, akaitazama ndege ikija, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja hapakuwa na ukurasa hata mmoja nyuma yake. Akaipishanisha mikono kifuani. Ngoja. Bado kuna watu. Ngoja.

Bwana Anderson alikuwa amebaki kando ya gari akifikiria ripoti atakayoiandika. Ndege ya kampuni, imeongozwa na mtu wa nje, mbele ya macho yake. Akaangalia kulia na kushoto kumtafuta mfanyakazi mwingine yeyote wa kampuni aliye huru, na akagundua kwamba yupo. Ni yeye.

Yeye mkataba ulimruhusu kabisa. Hajawahi kupokea hata baiskeli, lakini hilo halikuandikwa popote.

Akalitupa faili, akakimbilia ncha ya magharibi, tai begani, akasimama katikati ya makopa, na akafanya lile tu alilowahi kuliona kwenye picha. Akainua mikono yote miwili juu kabisa. Tua.

Rubani hutafuta mikono miwili. Alasiri ile, magurudumu yakiwa yameshateremshwa, aliiona minne.